Siku Niliyofunga Mkutano kwa Maombi

Kwa miaka minne nilisuka kichwa kimoja na mwanamke yule. Ndivyo tunavyofanya hapa Kenyatta Market, Nairobi: mteja akiketi, wasusi wawili wanamzunguka, mmoja kulia na mwingine kushoto, na kazi ambayo ingechukua siku nzima inakwisha kabla ya chakula cha mchana. Lakini si kila msusi anaweza kusuka na kila msusi. Mkono mmoja ukivuta sana na mwingine ukilegea, mteja anaondoka kama mtu mwenye vichwa viwili. Akifika nyumbani anajitazama kwenye kioo, na kesho yake anarudi na maneno. Kwa hiyo ukipata mtu ambaye mkono wake unalingana na wako, unamshika. Mimi nilimpata wangu, kisha nikamwachilia, na mwaka huohuo nikaenda kujifunza kuongoza mazungumzo ya watu waliokosana.

Mimi ni kifungua mimba. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi, mama nikiwa kidato cha pili, na sare ya shule niliivua wiki ile ya mazishi nisiivae tena. Nyuma yangu kulikuwa na mvulana na msichana. Shangazi zetu walitaka kutugawa, huyu aende huku na yule kule. Nikakataa. Tukabaki mtaani Satellite, katika vyumba viwili vya ploti moja yenye bomba uani, nami nikajifunza kusuka kwa jirani, kisha nikapata nafasi sokoni. Wadogo zangu wakigombana nilikuwa na njia yangu. Nilisimama katikati ya chumba nikasema, "Tuombe." Wakafumba macho. Hakuna mtoto anayeweza kuendelea kumtukana ndugu yake huku amefumba macho. Tukimaliza nilisema, "Haya, kulala." Nyumba yetu ilikuwa na utulivu mwingi, na kanisani walikuwa wakinitolea mfano kwa vijana wengine.

Mwenzangu alitoka magharibi, kule karibu na ziwa. Sisi asili yetu ni Kiambu. Kwa muda mrefu jambo hilo lilikuwa la kutaniana tu. Aliniona nikila viazi vilivyopondwa na mahindi akaniuliza kama nina mgonjwa wa meno kwetu. Nami nikamwambia kwamba yeye hula samaki mpaka samaki mwenyewe anaona aibu. Wateja walicheka, na mikono yetu haikusimama.

Mwishoni mwa 2007 kulikuwa na uchaguzi, na kila aliyekuwa Nairobi anajua Januari iliyofuata ilivyokuwa, watu wa kwetu na wa kwao wakifukuzana na kuchomeana nyumba. Soko lilifungwa. Lilipofunguliwa watu walikuwa wakiangalia kwanza nani yuko, ndipo waingie. Yeye alikuwa akiishi upande wa Kawangware. Aliwachukua watoto wake akaenda kwao, na kabla ya kupanda basi alinipigia simu.

"Dada, niwekee kiti."

"Kiti chako kipo."

"Nisije nikasikia kuna mtu amekalia."

"Nani akalie? Hata wateja wenyewe hawapo."

"Wewe niwekee tu. Hao wengine sina haja nao, nakuambia wewe."

Nikamwambia aende salama. Nilikuwa namaanisha.

Kibanda kilikuwa cha mama mmoja mzee wa kwetu ambaye sote tulimwita Shosho, kama mtu anavyomwita nyanya yake. Baada ya wiki tatu wateja walianza kurudi, na mimi nilikuwa nikisuka peke yangu mpaka vidole vinavimba. Asubuhi moja Shosho alikuja akasimama mlangoni.

"Hicho kiti kitakaa bure mpaka lini?"

"Amesema atarudi, Shosho."

"Waliosema ni wengi. Si una mdogo wako wa kike amemaliza shule na anakaa tu? Mlete."

Nilichana fungu moja la nywele mpaka mwisho. Nakumbuka fungu lenyewe, lilikuwa nyuma ya sikio. Kisha nikasema, "Sawa, Shosho." Mdogo wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, na kila siku alinisikiliza nikitoka asubuhi huku yeye hana pa kwenda. Nilimfundisha kusuka mwenyewe tangu akiwa mdogo, kwa hiyo mkono wake ulilingana na wangu. Kesho yake alikaa kushoto, na kufikia Jumamosi hakuna mteja aliyeuliza.

Simu ilianza kulia wiki iliyofuata. Niliona jina lake. Nikajiambia nina mafuta mikononi. Ikalia tena siku nyingine, nikaigeuza kifudifudi ndani ya droo ya vitana. Baadaye alipoishiwa na salio alinitumia ule ujumbe wa bure ambao kila mtu Kenya anaujua, wa kuomba upigiwe. Alinitumia mara tatu kwa siku tofauti. Ujumbe wa namna hiyo hauna maneno ya mtu, ni maneno ya kampuni, kwa hiyo huwezi kujua kama anayeutuma analia au anacheka. Sikumpigia. Sikuwa na neno la kumwambia, na nilifikiri kwamba nikikaa kimya vya kutosha, jambo litajilaza lenyewe, kama mambo ya nyumbani kwetu yalivyolala.

Alirudi mwezi wa nne. Alikuja akiwa amevaa vizuri, na mfuko wake wa vitana begani, akasimama mlangoni. Mdogo wangu alimsalimia kwa furaha kwa sababu hakuwa anajua lolote. Mwenzangu alimtazama mikono kwa muda.

"Anashika vizuri," aliniambia.

"Nilikuwa nataka kukupigia."

"Eh. Kazi njema." Akaenda.

Nilisikia baadaye kwamba alikuwa akizunguka Kileleshwa, akisuka nyumba kwa nyumba kwenye yale maghorofa, hasa wafanyakazi wa nyumbani siku za Jumapili na mama wenye nyumba siku za kazi. Nilimshukuru Mungu kwamba amepata riziki. Shukrani hiyo ilikuwa ya kunifaa mimi.

Katikati ya mwaka huo kamati moja ya makanisa ilianza kutafuta watu wa kuwaongoza wanawake wa masoko wakae chini wazungumze. Sokoni kwetu watu walikuwa wamerudi, lakini hawakuwa wakikopeshana hata kitana. Jina langu lilipendekezwa kanisani. Walisema mimi ni mtu imara na nimelea watoto bila ugomvi. Hakuna aliyeuliza masomo yangu yaliishia wapi, na kwangu hilo lilikuwa kama kuvishwa sare upya.

Tulifundishwa Jumamosi nne katikati ya mji, kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Aliyetufundisha alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mwembamba mwenye sauti ndogo, na tulilazimika kunyamaza ili kumsikia. Alitufundisha kupanga viti duara ili asiwepo wa nyuma. Alitufundisha kwamba mtu akinyamaza katikati ya maneno yake, mwongozaji ahesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kufungua mdomo. Nilidhani ni jambo dogo mpaka nilipojaribu. Saba ni mbali sana. Alituambia tuandike maneno ya mtu kama alivyoyasema, tusimtafsirie. Na siku ya kwanza kabisa, kabla ya hayo yote, alisema hivi: "Kabla hujawaita watu, jiulize kama una kesi humo ndani. Ukiwa nayo, kaa na wengine, mwingine aongoze." Niliandika kwenye daftari langu. Niliandika vizuri na nikapiga mstari chini.

Jumamosi ya tatu tulifanya igizo. Wanawake wawili walijifanya wamegombana kuhusu bomba la maji, nami nikapewa niongoze. Sikutumia hata dakika tano. Nilimsifu huyu, nikamtuliza yule, nikasema sote ni watoto wa mama mmoja, nikawasimamisha tukaomba. Wenzangu walipiga makofi. Mwalimu hakupiga.

"Wewe ni wa kwanza kwenu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Umelea wadogo?"

"Wawili."

"Nimeona. Umewalaza hawa." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Akaendelea, "Mimi sikusikia hilo bomba lilikuwa na shida gani. Kuna aliyesikia?"

Hakuna aliyekuwa amesikia. Nilikaa chini nikiwa na hasira naye siku nzima. Niliona ananionea kwa sababu sikumaliza shule.

Mikutano yetu ilikuwa Jumatatu asubuhi, siku ambayo soko ni jepesi. Tulikaa kwenye kibanda cha nyama choma cha mama mmoja mnene mwenye utani, ambaye asubuhi hana wateja ila ana viti vingi vya plastiki. Yeye alikuwa mtu wa Machakos, si wa upande wetu wala wa magharibi, na alisema amekubali kutupa viti kwa sharti moja, tusiongee kwa sauti mpaka nyama yake iharibike. Tulikuwa wanawake kumi na wawili. Kamati ilitaka watu wa pande zote, na wale wa magharibi waliobaki sokoni walikuwa wachache, kwa hiyo mtu mmoja akalitaja jina la mwenzangu. Nikaliandika. Ningeweza kusema hayupo tena sokoni. Nilidhani kwamba akiniona nikiongoza vizuri, kwa haki, itakuwa kama nimemwambia kitu.

Mkutano wa kwanza hakuja. Uliendelea vizuri mno, watu walisema amani ni muhimu. Mkutano wa pili alikuja. Alikaa karibu na mlango, mfuko wake magotini. Shosho alikuwa amekaa upande wangu wa kulia, mdogo wangu upande wa pili wa duara. Watu wawili watatu walizungumza kuhusu Januari kwa kuzungukazunguka. Mwenye nyama alisema, "Hapa tunakula mfupa, nyama iko wapi?" Wakacheka. Ndipo mwenzangu akainua mkono kidogo, kama mtoto darasani.

"Mimi nina neno moja," alisema. "Nilipokuwa nikienda kwetu Januari, kulikuwa na mtu niliyempigia simu. Huyo mtu yuko hapa ndani. Nilimwambia..."

Akanyamaza. Alikuwa akitafuta namna ya kulisema. Ilikuwa ni pale hasa pa kuhesabu mpaka kumi. Nilifika tatu. Nilimwona Shosho akikaza shali yake, nikamwona mdogo wangu ameinua uso, anasikiliza. Nikasimama.

"Mama zangu, muda umetupita na wateja wanangoja. Tusimame tufunge kwa maombi. Shosho, tuombee."

Mtu ambaye hajaishi kwetu hawezi kujua nilichofanya. Nairobi, ukisema tuombe, hakuna anayebaki amekaa. Hata mwenye nyama aliweka kisu chini. Mwenzangu alisimama, mfuko ukaanguka, akauacha chini, akafumba macho. Shosho aliomba kwa muda mrefu. Alimshukuru Mungu kwa kurudisha upendo katika soko hili, akawaombea wanaopenda kuchimbua mambo yaliyopita wapewe moyo wa kusahau. Nilifumbua jicho katikati ya maombi. Mwenzangu alikuwa akisema "Amina" kila mahali pa kusema amina, sawasawa na wengine, na uso wake ulikuwa umekauka.

Watu walipofumbua macho alikuwa ameshaokota mfuko na kuondoka. Mimi nilijaza fomu ya kamati. Palipoulizwa mkutano uliishaje, niliandika: kwa amani.

Jioni hiyo mdogo wangu alipika ugali na sukuma, tukala. Ndugu yetu wa kiume hakuwa amerudi kutoka kazini.

"Ulimkatiza," mdogo wangu alisema.

"Muda ulikuwa umeisha."

"Wateja hawakuwa wanangoja. Nilikuja na wewe, nikafungua kibanda na wewe. Tulikaa mpaka saa sita bila kichwa."

"Kula, chakula kinapoa."

"Huyo mtu aliyepigiwa simu ni wewe?"

Nilianza kukusanya sahani na yeye alikuwa hajamaliza.

"Mimi nilidhani kiti kilikuwa wazi," alisema. "Uliniambia ameacha kazi."

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Sawa, mathe." Mathe, yaani mama, ndivyo anavyoniita akitaka kuniumiza. "Hata mama alipokuwa hospitali nilikuuliza kama atapona, ukasema tuombe. Nikaomba. Nilikuwa na miaka tisa. Kila mtu kwenye ploti alikuwa anajua isipokuwa mimi."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilikuwa na kumi na sita, na kwamba nami sikuwa na mtu wa kuniambia. Nilisema tu kwamba kesho kuna kazi. Akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha, akaenda kuosha sahani. Kesho yake alikuja sokoni akakaa kwenye kile kiti, akasuka, lakini hakuongea na mimi mpaka Alhamisi, na mteja mmoja akasema upande wa kushoto umembana.

Ijumaa niliomba ruhusa nikaenda mjini. Mwalimu alikuwa peke yake ukumbini akipanga karatasi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: kiti, simu, zile jumbe tatu, maombi, fomu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alinyamaza, na najua alikuwa akihesabu, nami nikaongeza mambo ambayo sikuwa nimepanga kuyasema, likiwemo hili, kwamba nilimpa Shosho aombe makusudi.

"Siku ile ya kwanza uliandika kwenye daftari?" aliniuliza.

"Niliandika."

"Basi si kwamba hukujua."

"Hapana."

"Sasa unataka kufanya nini?"

"Nataka kwenda Kileleshwa nimwombe msamaha."

Alitikisa kichwa. "Ukienda ukamwomba msamaha huko, mkiwa wawili, atafanya nini? Ni mtu wa heshima, atakusamehe. Halafu lile neno lake atalipeleka wapi? Mtu akishasema nimekusamehe hawezi tena kuja mbele za watu kusema ulichomfanyia. Utakuwa umemfunga mdomo mara ya pili, na hii ya pili kwa machozi."

Sikuwa nimefikiri hivyo. Kwetu, kosa ni la kutengenezwa chemba, watu wawili, chai, basi.

"Mwite tu," alisema. "Mwambie ataongea na wewe hutaongoza. Yale yako yaweke mpaka yeye amalize. Utaweza?"

Nilisema nitaweza. Alinitazama kama mtu asiyeamini sana, akaniandikia barua fupi ya kwamba mwenye nyama ndiye ataongoza mkutano wa tatu.

Nilimpata mwenzangu Jumapili alasiri, nyuma ya jengo moja la Kileleshwa, kwenye ngazi za vyumba vya wafanyakazi. Askari wa lango alinionyesha. Alikuwa akimsuka msichana mmoja aliyekuwa na siku yake ya mapumziko, anasuka peke yake, anahama kulia, anahama kushoto. Nilisimama chini ya ngazi.

"Umekuja kusukwa?" aliuliza bila kuinua macho.

"Nimekuja kukuita. Kesho, Jumatatu."

"Kuomba tena?"

Yule msichana akacheka akidhani ni utani.

"Sitakuwa mbele," nilisema. "Mama wa nyama ataongoza. Mimi nitakaa tu."

"Na Shosho?"

"Atakuwepo, kama anataka."

Alisuka msuko mmoja mpaka mwisho, akaukata ncha. Maneno ya kuomba msamaha yalikuwa yamejaa mdomoni mwangu, na sijawahi kushika kitu kizito kama kile. Nilijua kwamba nikisema neno moja tu atasema yaishe, na nitateremka barabarani nikiwa mwepesi. Nilitaka sana wepesi huo. Nikashika reli ya ngazi.

"Nitaona," alisema. "Nikipata nafasi."

"Sawa."

"Huna kingine cha kusema?"

"Hapana. Nitasema huko, ukimaliza wewe."

Hapo ndipo aliponiangalia. Sikuweza kujua ameona nini. Akageukia kichwa cha msichana, nami nikaaga.

Jumatatu alichelewa. Mwenye nyama alikuwa ameanza, na njia yake ya kuongoza haikufanana na chochote nilichofundishwa. Alikuwa amesimama na aproni yake yenye madoa, akasema, "Leo mwenye neno alitoe. Asiye na neno asiyatie maji maneno ya wenzake." Mwenzangu alipoingia alimwonyesha kiti katikati ya duara, si mlangoni. "Wewe ulikatwa ulimi wiki ile. Endelea ulipoachia."

Akaendelea. Aliongea kwa sauti ya kawaida. Alisema aliniomba nimwekee kiti na nikakubali. Alisema alipofika kwao alikuwa na watoto wawili wagonjwa na hakujua kama nyumba yake Kawangware bado ina mlango, na kitu kimoja tu alichokuwa na uhakika nacho Nairobi kilikuwa kile kiti, kwa sababu alikuwa ameniachia mimi. Alisema alipiga simu mara ngapi, na hapo akageuka akanitazama.

"Kiti ningeelewa," alisema. "Kibanda si chako. Ungeniambia, dada, wamekichukua, ningeelewa. Mimi nilikuwa naomba tu ushike simu."

Shosho alisimama. "Mimi sikuja hapa kushtakiwa na watu."

"Hakuna aliyekutaja, Shosho," mwenye nyama alisema. "Keti, au nenda salama. Lakini ukienda, ujue tutaongea."

Shosho akaondoka akisonya, na wanawake wawili wa kwetu wakamfuata. Moja kwa moja nilifikiria kibanda, na kwamba huenda kesho mimi na mdogo wangu hatuna pa kukaa. Nilitaka kuinuka nimfuate nimtulize. Sikuinuka.

Zamu yangu ilipofika nilisema kama nilivyomwambia mwalimu, bila kutaja wadogo zangu wala mama. Nilisema niliiona simu ikilia na nikaigeuza kifudifudi. Nilisema maombi yale niliyaita ili asimalize. Mtu mmoja alisema "Woi" kwa sauti ya chini. Niliomba msamaha. Mdogo wangu naye akasimama, akasema kwa mwenzangu, "Anti, kiti chukua. Mimi sikujua."

"Kaa, mwanangu. Wewe hujanikosea, na mimi nina wateja wangu sasa." Kisha akanigeukia mimi. "Nakuuliza kitu kimoja. Kama ningefia huko, ungejua lini?"

Nilisikia mafuta yakidondoka kwenye makaa. Hakuna aliyenisaidia, na nashukuru kwamba hakuna aliyenisaidia. Nilitafuta jibu ambalo lingekuwa zuri na la kweli pia, sikulipata.

"Nisingejua," nilisema.

Akatikisa kichwa taratibu. Hakusema amenisamehe, na mpaka leo hajasema. Alisema kwamba hilo ndilo alilotaka lisikike, akainama akachukua mfuko wake kwa sababu alikuwa na mteja wa saa sita. Alipofika mlangoni aliwaaga wote, na mimi nikiwa miongoni mwao.

Nilidhani mkutano umekwisha. Wengine nao walianza kukaza leso zao. Lakini mwanamke mmoja muuza mboga, ambaye katika mikutano miwili hakuwa amefungua mdomo hata kusema amina, alisema bila kuinua uso, "Mimi pia kuna mtu nataka kumuuliza. Na yeye yuko hapa."

Mwenye nyama alivuta kiti cha plastiki, akaketi kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Uliza," alisema.

Nikakaa nisikilize.